Ukingo wa Paa na Damu ya Jirani: Namna ya Kufunga na Kutumia Nanga za Usalama Juu ya Mapaa



Wapendwa waamini, kila mwaka upepo wa kaskazi unapoanza kutulia na mawingu ya masika kukusanyika, familia nyingi za Pemba hukumbuka tundu la bati lililovuja msimu uliopita. Katika maeneo yaliyo karibu na bahari kama Wesha, bandari iliyo magharibi ya mji wa Chake Chake, chumvi ya hewani huyala mabati na misumari kwa haraka, hivyo kazi ya kupanda juu ya paa hurudi mara kwa mara kuliko bara. Fundi huitwa, ngazi huegemezwa ukutani, naye hupanda na nyundo yake, misumari mfukoni na kandambili miguuni. Mara nyingi hushuka salama. Lakini siku asiposhuka salama, familia yake yote huanguka pamoja naye.

Makala haya yanahusu kifaa kidogo ambacho wengi wetu hatujakizoea: mahali imara pa kufungia kamba ya mtu anayefanya kazi juu ya paa. Kwa kuwa wasomaji wengi wanaifahamu bahari, tutakiita nanga ya usalama. Chombo kinaweza kuwa na kamba nzuri na nahodha hodari, lakini nanga isiposhika, mkondo hukichukua. Ndivyo ilivyo kwa fundi aliye juu ya bati.

Amri ya kale kuhusu paa

Katika Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, Mungu anamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa lake, ili nyumba isije ikabeba hatia ya damu mtu akianguka kutoka huko. Mapaa ya watu wa nyakati zile yalikuwa bapa, nayo yalitumika kama sehemu ya nyumba: Rahabu aliwaficha wapelelezi darini kati ya mabua ya kitani, na Mtume Petro alipanda darini kusali. Kwa hiyo hatari ya kuanguka ilikuwa jambo la kila siku, na Sheria ya Mungu haikuona aibu kushughulikia jambo hilo la fundi na matofali.

Tuitazame amri hiyo kwa makini. Kwanza, inamhusu mwenye nyumba, wala haimwachii mpandaji peke yake wajibu wa kujilinda. Pili, inadai kinga iwekwe kabla mtu yeyote hajaanguka. Tatu, inauhesabu uzembe katika ujenzi kuwa ni jambo la damu, yaani la uhai wa mtu, na sio la gharama tu. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 27, waliyataja mazingira duni ya kazi yanayowafanya watu kuwa vyombo vya faida kati ya mambo yanayoudhalilisha utu. Naye Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, namba 19, alifundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya mazingira ya kazi yasiyodhuru afya yake.

"Ajali haina kinga"?

Wazee wetu walisema kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ina ukweli wake: inamfariji aliyefiwa na kumkumbusha mwanadamu kwamba hana mamlaka juu ya kila kitu. Lakini ikitumiwa kabla ya kazi kuanza, hugeuka kuwa kisingizio. Hao hao wazee walisema pia kwamba tahadhari ni kabla ya hatari.

Injili inatusaidia kuzipatanisha methali hizi mbili. Katika Luka 13:4, Bwana anawakumbuka watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, naye anakataa dhana kwamba walikufa kwa kuwa walikuwa wakosaji kuliko wengine. Hatuna ruhusa, basi, ya kumhukumu aliyeanguka. Lakini katika Mathayo 4, Ibilisi anapomweka Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumtaka ajitupe chini kwa kutegemea malaika, Bwana anajibu kwamba hatupaswi kumjaribu Mungu. Fundi anayetembea ukingoni bila kamba kwa kusema kwamba Mungu yupo, na mwenye kazi anayemwacha afanye hivyo, wanapaswa kulitafakari jibu hilo.

Hatari yenyewe inapimika. Mtu anayeanguka kutoka mita 3, yaani ukingo wa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, hufika chini kwa muda usiofikia sekunde moja, akiwa na kasi ya takribani kilomita 27 kwa saa. Katika muda huo hakuna anayeweza kujishika, hata awe hodari namna gani wa kukwea minazi au mikarafuu.

Kabla ya kamba, tuulize kama kupanda ni lazima

Kinga dhidi ya kuanguka ina mpangilio wake, na kamba si ya kwanza katika mpangilio huo. Hatua ya kwanza ni kupunguza kazi ya juu: mbao zikatwe na zipakwe dawa chini, vipimo vichukuliwe chini, na mabati yapandishwe yakiwa tayari. Hatua ya pili ni kuweka jukwaa imara lenye vizuizi pembeni, ambalo humlinda kila aliyeko juu bila yeye kukumbuka kufunga chochote. Huu ndio ukingo wa Kumbukumbu la Torati katika sura yake ya leo.

Hatua ya tatu ni kamba fupi inayomzuia mtu asifike kabisa ukingoni. Tuiite kamba ya kuzuia. Hatua ya nne, ambayo ni ya mwisho, ni kamba ya kudaka, inayomshika mtu baada ya kuanza kuanguka. Kamba zote mbili zinahitaji nanga, na zote huvaliwa pamoja na mkanda wa mwili mzima, ambao mafundi huuita hanesi. Mkanda wa kiunoni peke yake haufai kumdaka mtu, kwa sababu nguvu yote humkata tumboni na mgongoni.

Nanga ibebe kiasi gani?

Watu wengi hudhani kwamba, kwa kuwa fundi ana kilo 80, mahali panapobeba kilo 100 panatosha. Hilo ni kosa la hatari. Mtu aliyesimama huvuta kwa uzito wake. Mtu anayeanguka na kusimamishwa ghafla huvuta kwa nguvu iliyo mara nyingi zaidi ya uzito huo. Ndiyo sababu kamba ya kudaka huwa na kifyonza mshtuko, yaani kipande cha utepe kilichokunjwa na kushonwa, ambacho hufumuka polepole mtu anapoanguka na kuipunguza nguvu inayoufikia mwili. Katika viwango vya Ulaya, kifaa hiki kinatakiwa kuibana nguvu hiyo isizidi kilonyutoni 6, sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 600 hivi.

Nanga inapaswa kuwa imara kuliko hapo. Kiwango cha Ulaya kinaijaribu nanga ya chuma ya mtu mmoja kwa kilonyutoni 12, yaani takribani kilo 1,200. Kanuni za Marekani zinadai zaidi: nanga ibebe zaidi ya kilo 2,200 kwa kila mtu aliyefungwa, au isanifiwe na mtaalamu ikiwa na nguvu mara mbili ya ile inayotarajiwa. Fundi wetu wa kijijini hana mashine ya kupima nguvu hizo, lakini anaweza kujiuliza swali moja rahisi: je, mahali hapa ningethubutu kuning'iniza gari dogo? Akisita, asipafunge.

Mahali pasipofaa

Kwa kipimo hicho, sehemu nyingi za paa zinaondoka zenyewe. Mbao za papi zinazopigiliwa mabati hazifai, kwa kuwa ni nyembamba na zimeshikwa kwa misumari michache tu. Mifereji ya maji, ubao wa pembeni mwa paa, bomba la maji, nguzo ya antena, nondo iliyochomoza ukutani na mkono wa ngazi havifai pia. Boriti au kenchi iliyoliwa na mchwa haifai hata kama kwa nje inaonekana nzima. Igongwe kwa nyundo na ichomwe kwa bisibisi kabla ya kuaminiwa. Kuta za zamani za mawe na chokaa, pamoja na tofali zenye uwazi ndani, hazishiki bolti kwa uhakika. Gari lililoegeshwa nalo lisitumike kuwa nanga, kwani dereva aweza kuja na kuliondoa bila kutazama juu.

Jambo jingine linalohitaji tahadhari ni kamba iliyotandazwa kutoka upande mmoja wa paa hadi mwingine ili watu watembee wakiwa wamejifunga humo. Inaonekana salama, lakini kamba iliyokazwa sana ikivutwa katikati huzizidishia nguvu nanga zake mbili. Ikiwa imelegea kwa nyuzi 10 tu, kila ncha hubeba karibu mara tatu ya nguvu iliyovuta katikati. Kazi hiyo aachiwe mhandisi.

Namna ya kufunga

Kwenye paa la mbao, nanga hufungwa kwenye kenchi au makombamoyo makubwa karibu na mgongo wa paa, yaani kwenye miti inayobeba paa lote. Nanga za muda za mgongoni huwa na matundu kadhaa. Skrubu au misumari yote iliyoelekezwa na mtengenezaji itiwe, iingie katikati ya ubao mzima, wala isiishie kwenye bati au papi. Tundu likiachwa wazi kwa kuokoa misumari, nguvu iliyoandikwa kwenye kifaa haipo tena. Njia nyingine njema ni kuzungusha utepe maalumu wa nanga kwenye boriti nene iliyo imara, huku kona za mbao au chuma zikifunikwa kwa kitu kigumu ili zisiukate.

Kwenye zege, kwa mfano mkanda wa zege ulio juu ya kuta au bamba la ghorofa, hutumika bolti za kupanuka au za gundi ya kemikali. Tundu litobolewe kwa upana na kina kilichoelekezwa, mbali na ukingo wa zege usije ukapasuka. Vumbi lote lipulizwe na kusuguliwa litoke, kwa kuwa gundi hushika vumbi badala ya zege. Kisha nati ikazwe kwa kiasi kilichoandikwa, na gundi iachwe ikauke kwa muda wake wote kabla mtu hajajifunga.

Kwa wanaoishi kando ya bahari kuna sharti la nyongeza. Nanga itakayobaki juu ya paa kwa miaka iwe ya chuma cha pua kinachostahimili chumvi, na bolti zake ziwe za chuma hicho hicho, kwa kuwa metali mbili tofauti zikigusana katika hewa ya chumvi, moja huliwa haraka. Nanga yenye kutu, iliyopinda au inayocheza iondolewe. Na tusichukue kamba kuukuu za mashua kwa kazi hii. Kamba iliyokaa miaka juani na kwenye maji ya chumvi huweza kuwa na nguvu ya kuvuta ngalawa taratibu, lakini ikakatika kwa mshtuko mmoja. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pake hapaonekani.

Paa fupi lina hatari yake

Hapa ndipo wengi, hata waliokwisha kununua vifaa, hukosea. Kamba ya kudaka ina urefu wa hadi mita 2. Kifyonza mshtuko kikifumuka huongeza hadi mita 1.75. Kutoka kwenye pete ya mgongoni hadi miguuni ni kama mita 1.5, na inafaa ibaki nafasi ya mita 1 chini ya miguu. Ukijumlisha, unapata mita 6.25 kutoka kwenye nanga iliyo usawa wa miguu hadi ardhini. Nyumba nyingi za Pemba na makanisa yetu madogo ya vigango yana kingo za mita 3 au 4. Fundi aliyevaa hanesi nzuri na kamba ya mita 2 juu ya paa kama hilo atafika ardhini kabla kamba haijamaliza kazi yake.

Kwa mapaa mafupi, basi, jukwaa au kamba ya kuzuia ndiyo jibu. Kama nanga iko mgongoni mwa paa na ukingo uko umbali wa mita 4, kamba irekebishwe ili mvaaji asiweze kuvuka mita 3. Ipimwe pia kuelekea ncha za paa na kwenye pembe, kwa sababu urefu unaofaa kuelekea mbele huweza kuwa mrefu mno kuelekea ubavuni. Ikibidi, nanga ziwe mbili au tatu, na fundi ahame kutoka moja hadi nyingine bila kubaki hata kidogo akiwa hajafungwa.

Nanga inapaswa kuwa nyuma ya fundi, kwa mstari ulionyooka kadiri iwezekanavyo. Akienda mbali upande mmoja kisha akaanguka, ataning'inia na kubembea kama pembea hadi agonge ukuta au nguzo. Mwelekeo wake usizidi nyuzi 30 kutoka mstari wa nanga.

Tena, kamba ya kuzuia haimsaidii mtu anayetumbukia ndani kupitia paa lenyewe. Bati lililooza, karatasi za plastiki za kuingizia mwanga na vigae vya saruji vilivyozeeka huvunjika bila kutoa ishara. Zitandazwe mbao pana za kutembelea zinazoegemea kenchi zaidi ya moja, na sehemu dhaifu zifunikwe na kuwekewa alama.

Kila asubuhi, na siku ya shida

Kabla ya kupanda, mvaaji akague hanesi kwa macho na vidole: mishono, mikanda iliyochubuka au kupauka kwa jua, vifungo, kulabu zinazojifunga zenyewe. Mwenzake amkague pia. Kifaa chochote kilichowahi kumdaka mtu kitolewe kazini na kikatwe vipande, asije mwingine akakiokota. Nanga iliyobeba mshtuko huo nayo isitumike tena mpaka mtaalamu aikague. Vifaa vihifadhiwe mahali pakavu, mbali na jua, mafuta na saruji. Paa likilowa au upepo ukivuma kwa nguvu, kazi isimame.

Pasiwe na mtu anayefanya kazi juu peke yake. Mtu aliyedakwa na kuning'inia bila kujimudu huweza kupoteza fahamu kwa sababu damu hukwama miguuni, na hali hiyo huweza kumuua. Hivyo mpango wa kumshusha katika dakika chache uwepo kabla ya kazi: ngazi ndefu tayari, watu wawili wanaojua la kufanya, simu yenye salio na usafiri wa kumfikisha Hospitali ya Chake Chake. Aliyeanguka chini asivutwe mikono wala kukalishwa kwa nguvu. Shingo na mgongo wake vitulizwe, na abebwe juu ya kitu kilichonyooka.

Wajibu wa mwenye kazi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Namba 8 ya mwaka 2005, inamtwisha mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Tanzania Bara nayo ina sheria yake, Namba 5 ya mwaka 2003. Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliyaingiza mazingira salama na yenye afya katika kanuni na haki za msingi kazini. Sisi Wazanzibari hatuhitaji kwenda mbali kukumbuka uzito wa jambo hili: siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jengo la Beit el-Ajaib mjini Unguja iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Kazi ya ukarabati ina hatari zake hata pale jengo linapopendwa na wote.

Parokia, kigango, shule na jumuiya ndogo ndogo zinapoita fundi, au zinapowaomba vijana wajitolee Jumamosi moja, zenyewe zinakuwa mwenye kazi. Neno "kujitolea" halipunguzi wajibu huo. Linauongeza, kwa kuwa kijana amekuja kwa imani yake kwetu. Na hapa Pemba, ambapo Wakatoliki ni wachache, fundi anayepanda juu ya paa la kanisa mara nyingi ni jirani yetu Mwislamu. Uhai wake ni amana ile ile ya Mungu, na mkewe na watoto wanaomngoja jioni ni jirani zetu.

Kamati ya ujenzi na ijiulize, kabla ya kutoa shilingi ya kwanza:

1. Je, kazi hii inaweza kufanyika chini, au kwa jukwaa?
2. Ni nani mwenye ujuzi aliyechagua na kukagua mahali pa nanga?
3. Kuna hanesi na kamba inayofaa kwa kila atakayepanda?
4. Umbali kutoka paani hadi ardhini umepimwa, na kamba imerekebishwa kulingana nao?
5. Nani atamshusha aliyekwama, na kwa kifaa gani?
6. Gharama ya kinga imeandikwa katika makadirio, au ameachiwa fundi aipunguze kutoka kwenye ujira wake?

Swali la mwisho ndilo linalopima dhamiri zetu. Fundi anayebanwa bei hadi mwisho hukata kwanza kile kisichoonekana katika kazi iliyokamilika, nacho ni usalama wake. Tukimchagua kwa kuwa ni rahisi kuliko wenzake, tuulize urahisi huo umetoka wapi. Parokia isiyoweza kununua vifaa peke yake yaweza kushirikiana na nyingine kuvinunua na kuazimana, mradi kuwe na mtu mmoja wa kuvitunza na kuvikagua. Na makala haya hayawezi kuchukua nafasi ya mafunzo: anayefunga nanga kwa mara ya kwanza afundishwe kwa vitendo na mwenye ujuzi.

Mwenye nyumba katika Israeli aliweka ukingo bila kujua ni nani angeokolewa nao. Huenda hakuna aliyewahi kuanguka, na huenda majirani walimwona anapoteza matofali. Nasi tusiogope kutumia fedha kwa ajili ya ajali ambayo haitatokea. Mvua za masika zikija na paa likawa kavu, na fundi aliyelifunika akawa mezani na watoto wake, tutakuwa tumeitii amri hiyo.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.